Barua kwa Mwanangu: Usizisugue

Mwanangu Zuhura,

Sote huku hatujambo. Picha za zile nusu dola zako za ukumbusho, za fedha, za Marekani, nimeziona, na macho unayo. Ila uliposema utazing'arisha kabla ya kuzipeleka kuuza Baltimore, usingizi uliniruka. Usizisugue, mama. Si kwa dawa ya meno, si kwa magadi, wala kwa kile kitambaa cha kung'arishia vijiko vya fedha.

Ule mng'aro unaozunguka ukiigeuza sarafu chini ya taa unatokana na mistari midogo mno iliyoachwa na fedha ikitanuka wakati wa kugongwa kiwandani. Ukiisugua imekufa, hairudi. Mnunuzi ataiinamisha tu, ataona mikwaruzo myembamba kama nywele. PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifunga kwenye makasha ya plastiki, nao watakuandikia kwamba imesafishwa, na bei imeanguka. Weusi uache ulivyo.

Kile kijani kinachonata kwenye ile ya Texas ya 1936 ndicho cha kuondoa. Ni mabaki ya PVC, plastiki ya ile mifuko laini, na kinakula fedha. Tafuta asetoni tupu, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato. Mimina kwenye bakuli la glasi, madirisha wazi, moto mbali. Ilowe dakika chache, isuuze kwa asetoni mpya, uiache ikauke yenyewe. Usiifute! Ishike ukingoni tu, kisha itie kwenye kifuko cha Mylar, plastiki isiyo na PVC.

Ya Booker T. Washington, yule mwalimu mweusi mashuhuri, ya 1946 haina bei kubwa, lakini umenifurahisha kuichagua. Aliyeichora, Isaac Scott Hathaway, ndiye mtu mweusi wa kwanza kubuni sarafu ya Marekani. Ya Columbus ya 1893 iliyolika hivyo umeilipia zaidi, na ungeuliza kwanza. Zilizokosa wateja ziliachiwa mitaani kwa senti 50 zile zile, ndiyo maana zimechakaa. Iliyobaki ni thamani ya fedha yake tu.

Sasa hiyo ya Hawaii ya 1928. Zilipigwa 10,008 tu, kwa hiyo waghushi wanaipenda. Huyo bwana anayekuuzia bila kasha la wakaguzi asikuharakishe, nawe haraka unayo ya kuzaliwa nayo. Nusu dola hizi zina gramu 12.5, fedha asilimia 90. Weka kikombe cha maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uning'inize sarafu kwa uzi laini izame bila kugusa chini. Mizani isome kama gramu 1.2. Ikipishana sana, rudisha. Ikisoma sawa bado si uthibitisho, maana mghushi anaweza kutumia fedha halisi. Nunua iliyokwisha kukaguliwa, namba ya kasha uitafute kwenye tovuti ya PCGS au NGC, na picha uilinganishe na sarafu yenyewe, kwa kuwa hata makasha yanaghushiwa.

Ukimaliza kukausha, usiguse uso wa sarafu, maana ngozi hutoa mafuta. Na kitambaa kile mpe jirani kabisa.

Mama yako anauliza kama ule mdalasini ulifika. Bati la jikoni linavuja upande wa tangi. Fundi anataka geji 28 na nusu ya malipo kwanza. Usitume kitu mpaka alete vipimo, na ukituma, tumia simu ya mama yako, yangu imefungwa laini.

Baba yako