Nichague soko lipi: wakulima wa parachichi wa kwetu au wanywaji kahawa wa mbali?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka Uyole, Mbeya. Nina umri wa miaka 29, ninauza katika duka la pembejeo za kilimo, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikijifunza kujipatia kipato kwa tovuti inayowaelekeza wasomaji kwenye bidhaa za wauzaji wengine, ili kila anayenunua kupitia kiungo changu nipate kamisheni. Jaribio langu la kwanza lilihusu simu za mkononi na halikufika mbali, kwa sababu nilikuwa nikisifia simu ambazo sijawahi kuzishika. Safari hii nataka soko moja dogo ninalolielewa, na hapo ndipo nilipokwama.

Soko la kwanza ni la wakulima wa parachichi aina ya Hass wa Rungwe na Njombe, ambao ningewaandikia kwa Kiswahili kuhusu mabomba ya kupulizia dawa, mikasi ya kupogolea, mipira ya umwagiliaji wa matone na pampu za jua. Maswali yao ninayajibu dukani kila siku. Mtu aliyepanda mche uliobebeshwa husubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuona mavuno ya maana, na katika muda wote huo anahitaji mtu wa kumwambia kifaa kipi anunue sasa na kipi kingoje. Shida ni nani atakayenilipa. Jumia, duka la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mnamo Novemba 2019, na mkulima wetu, hata akisoma tovuti kwenye simu, hununua Mwanjelwa au Tukuyu baada ya kukishika kifaa mwenyewe na kupatana bei. Mwajiri wangu amekubali kunipa asilimia 5 ya mauzo yatakayotokana na tovuti, ila hatujapata njia ya kumtambua mteja aliyetoka kwangu. Nimefikiria kuwapa wasomaji namba ya kuitaja wanapolipa, lakini nahofia wengi wataisahau, nasi tutafika mahali pa kushukiana, jambo ambalo sitaki litokee kati yangu na mtu aliyenipa kazi.

Soko la pili ni vifaa vya kuandalia kahawa, kwa Kiingereza, kwa wanunuzi wa Marekani kupitia Amazon, duka kubwa la mtandaoni linalotoa kamisheni. Familia yetu inalima arabika Mbozi, hivyo kahawa naijua tangu kitaluni hadi kwenye vichanja vya kuanikia. Hata hivyo, nikisema kweli, kwetu kahawa ni ya kuuza na nyumbani tunakunywa chai. Mashine ya kusagia ambayo ningeipendekeza kwa mtu wa Chicago sijawahi hata kuigusa, na nitakuwa nimerudia kosa la simu. Masharti ya kamisheni ya Amazon nayo si mepesi. Anayejiunga lazima apate mauzo matatu ndani ya siku 180, kiungo humhesabia mteja kwa saa 24 tu tangu akibonyeze, na mwezi Aprili 2020 kampuni hiyo ilipunguza kamisheni ya bidhaa za vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1, kwa hiyo kuuza kahawa yenyewe hakulipi.

Dada yangu, aliyenikopesha fedha za kununulia kompyuta, anasema nifuate dola, kwa kuwa mkulima wa kwetu hana mazoea ya kununua kupitia mtandao. Simwoni kuwa amekosea, na deni lake linanikosesha usingizi. Lakini moyo wangu uko kwa wale wanaokuja dukani wakiwa wameuziwa bomba bovu kwa kukosa mtu wa kuwaeleza mapema.

Naomba unishauri mambo mawili. Je, soko ambalo wasomaji wananiamini, ila malipo yake hayana njia iliyonyooka, linafaa kuanziwa, au nikae nalo kando hadi wauzaji wa huku watakapokuwa na utaratibu wa kamisheni? Na kama linafaa, nitamtambuaje mteja anayelipa taslimu kaunta bila kumsumbua yeye wala mwenye duka? Jina la tovuti yangu ya zamani linaisha muda wake mwishoni mwa mwezi huu, nami ningependa kusajili jina jipya nikiwa nimekwisha kuamua.

Wako,
Msomaji wa Uyole, Mbeya