Siku mbili hazitoshi miji mitatu ya Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu makala ya utalii iliyochapishwa hivi karibuni katika toleo la mwisho wa juma, iliyowashauri wanandoa wanaoishi Ulaya, au waliofika huku kwa ziara fupi, kutembelea Paris, Brussels na Amsterdam kati ya Jumamosi asubuhi na Jumapili usiku. Mwandishi alivitaja vivutio vyake kwa mpangilio mzuri, picha zilipendeza, na alisema kweli kwamba treni za mwendo kasi zimeisogeza miji hiyo mitatu karibu. Ninachokipinga ni ushauri wenyewe. Mimi na mume wangu tunaishi Köln, magharibi mwa Ujerumani, na kwa miaka kadhaa sasa wikendi zetu nyingi tumezitumia kutalii miji ya huku. Kwa niliyoyaona, mtu mwenye siku mbili ana nafasi ya mji mmoja tu, na ndani ya mji huo mitaa michache.

Tuanze na saa. Treni ya kutoka Paris hadi Brussels hutumia takribani saa moja na dakika 20, na ya kutoka Brussels hadi Amsterdam hutumia karibu saa mbili. Ukizijumlisha hizo kwenye karatasi utaona muda bado upo mwingi. Lakini hesabu hiyo imesahau kufika kituoni mapema, kupanga foleni ya choo cha kulipia, na treni kuchelewa, jambo ambalo sisi tunaoishi Ujerumani hatuhitaji kukumbushwa. Hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia saa tisa alasiri na huwataka watoke kabla ya saa tano au saa sita mchana. Kwa hiyo anayebadilisha mji kila baada ya saa chache ama atazunguka na begi mgongoni, ama atalipia kabati la mizigo kila kituo anachoshukia. Kuna na suala la mwanga, ambalo mwenyeji wa Afrika Mashariki aliyezoea jua kuzama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima ni rahisi asilifikirie. Mwezi wa Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi alasiri, ilhali mwezi wa Juni bado linaonekana saa tatu usiku. Ratiba iliyopangwa bila kutaja mwezi ni nusu ya ratiba.

Wanaosafiri kwa ndege za bei nafuu wana hesabu nyingine ya kuifanya. Tiketi hutangazwa kuwa ni ya Paris, lakini ndege hutua Beauvais, uwanja ulio umbali wa kilomita 85 hivi kutoka mjini, na safari ya basi kutoka hapo huchukua zaidi ya saa moja. Nauli ya basi hilo kwenda na kurudi, kwa watu wawili, pamoja na malipo ya begi lisiloingia chini ya kiti, inaweza kuizidi bei ya tiketi iliyomfanya mtu achangamkie safari. Wanandoa hulipa kila kitu mara mbili isipokuwa chumba. Hiyo pekee ni sababu tosha ya kukaa siku zote mbili katika chumba kimoja walicholipia.

Nije kwenye miji yenyewe. Makala ilitenga saa moja kwa jumba la makumbusho la Louvre, huko Paris. Louvre lilipokea wageni wapatao milioni 8.7 mwaka 2024, huingiwa kwa tiketi iliyoandikwa saa ya kuingia, na picha ya Mona Lisa inayofuatwa na karibu kila mtu ina urefu wa sentimita 77 tu, nyuma ya kioo, mbele ya umati ulioinua simu juu. Saa moja itaishia hapo. Huko Brussels makala ilimpeleka msomaji kumwona Manneken Pis, kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, chenye kimo cha sentimita 55 hivi, na haikusema kwamba kilichopo pale barabarani ni nakala. Kile cha asili kimehifadhiwa katika makumbusho ya mji, hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa Grand-Place. Sina ugomvi na kisanamu hicho, ila si cha kumtoa mtu kitandani alfajiri.

Haikutajwa kabisa Tervuren, na kwa gazeti linalosomwa hadi Lubumbashi na Bukavu hilo ni pengo kubwa. Tramu namba 44 hutoka Montgomery, upande wa mashariki wa Brussels, ikapita katikati ya msitu hadi Tervuren, lilipo Jumba la Kifalme la Makumbusho ya Afrika ya Kati, lililofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Mahali hapo ndipo Mfalme Leopold II alipofanya maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897, akawaleta Wakongo wakae katika vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba kati yao walifia huko, na makaburi yao yapo kando ya kanisa la mji huo mdogo hadi leo. Mtu hawezi kwenda Tervuren, akaangalia, akasoma, akasimama kidogo kwenye yale makaburi, kisha akawahi treni ya saa tisa ya kwenda Amsterdam. Akijaribu, hatakuwa amefika popote.

Miji yenyewe imeanza kusema jambo hilihili kwa lugha ya pesa. Amsterdam hutoza kodi ya watalii ya asilimia 12.5 ya bei ya malazi tangu mwaka 2024. Venice ilianza Aprili 25 mwaka huohuo kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano, kwa wanaoingia kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi alasiri. Mwaka uliofuata siku za tozo ziliongezwa hadi 54, na anayechelewa kulipa akatozwa euro 10. Anayelala ndani ya manispaa hiyo husamehewa tozo, kwa kuwa hulipa kodi yake kupitia hoteli. Wapo wanaolalamika kwamba mji umegeuzwa kuwa bustani ya wanyama yenye kiingilio. Mimi nawaelewa wenyeji: mwaka 1951 visiwa vya Venice ya kale vilikuwa na wakazi karibu 175,000, na leo hawafiki 50,000. Na kwa wawili wanaosafiri pamoja, kulala pale kuna faida kubwa kuliko unafuu wa tozo. Jioni, makundi ya wageni wa kutwa yakisharudi kwenye treni na mabasi yao, vichochoro vinabaki na watu wanaokwenda nyumbani na mifuko ya sokoni, na mnaweza kutembea bega kwa bega mahali ambapo mchana mlipita mmoja nyuma ya mwenzake.

Lakini mfano wangu mkubwa ni Berlin. Mume wangu ni mtu wa Lindi, na kila aliyekulia Lindi amesikia habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huko Lindi ikapelekwa Ujerumani, na ambaye suala lake limewahi kuulizwa hata bungeni. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin yapo barabara ya Invalidenstraße. Ukishapita mlango na kuingia ukumbi wa kwanza, unakutana naye amesimama chini ya paa la vioo, kimo chake mita 13.27, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Wengi hupiga picha wakapita. Mume wangu alimwendea mhudumu akamwuliza ipi ni mifupa halisi na ipi si halisi, na tukaelezwa kwamba fuvu lililoko juu na pingili za shingo na mgongo wa mbele ni za kuundwa, kwa sababu zile za asili ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa. Miguu, ile minene iliyo usawa wa macho ya mtazamaji, ndiyo mifupa yenyewe iliyochimbwa Tendaguru. Ukikaribia unaona nyufa zilizozibwa.

Uchimbaji ule uliendelea kuanzia 1909 hadi 1913, ukiongozwa na wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa mwenyeji wa Pwani, Boheti bin Amrani, na walioibeba mifupa hadi bandari ya Lindi walikuwa wapagazi, mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Kazi hiyo ilianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Majimaji kuzimwa katika eneo hilohilo. Tulikaa pale nusu siku. Sikumbuki tulikosa kuona nini kingine Jumamosi ile, wala sijajutia.

Jumapili yake tulipanda treni ya chini ya ardhi ya U6, ileile inayosimama karibu na makumbusho, tukaenda kaskazini hadi mtaa unaoitwa Mtaa wa Kiafrika, wilaya ya Mitte upande wa Wedding. Huko utasoma vibao vya barabara vyenye majina ya Sansibar, Tanga, Usambara, Uganda na Kongo, majina yaliyobandikwa na watu waliojivunia makoloni. Ilikuwapo pia barabara iliyohusishwa na Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 na mikataba yake ya ulaghai. Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya kawaida kabisa, ya nyumba za ghorofa, miti na baiskeli, na haimo katika orodha ya vivutio kumi vya Berlin. Tukarudi katikati ya mji kwa miguu na treni hadi Wilhelmstraße, karibu na Lango la Brandenburg, kwenye kibao kinachoonyesha mahali lilipokuwa jengo la mkutano wa 1884 na 1885 ulioweka kanuni za kuigawana Afrika. Jengo lenyewe halipo tena. Hapo ndipo zilipoishia siku zetu mbili, na Berlin tulikuwa hatujaimaliza hata robo.

Simaanishi kwamba kila Mswahili aendaye Ulaya ajifunge kutazama ukoloni tu. Lisbon ina kaburi la Vasco da Gama katika kanisa la Belém, na Mmombasa au Mmalindi atakuwa na lake la kusema mbele yake, lakini Lisbon ina pia samaki wa kuchoma, vilima na upepo wa mto. Ninachosema ni kwamba mambo yenye uzito kwetu mara nyingi yapo pembeni ya njia ya watalii, na yanahitaji nusu siku ambayo ratiba ya miji mitatu haina.

Kuna na suala la wanandoa wenyewe, ambao makala iliwataja katika kichwa cha habari kisha ikawasahau. Watu wawili hawapendi vitu vilevile. Mume wangu hupenda madaraja na majengo. Mimi napenda masoko na kukaa. Mji ukiwa mmoja, Jumamosi hupanga yeye na Jumapili nikapanga mimi, na hakuna anayemburuta mwenzake. Migahawa ya kahawa ya Vienna imenifaa kuliko makanisa yote ya mji ule: kahawa huletwa kwenye sinia dogo la chuma pamoja na glasi ya maji, magazeti yapo, na hakuna mhudumu wa kukusimamia kichwani ili umalize uondoke. Mkikaa hivyo saa nzima mnazungumza mambo ambayo siku za kazi hayapati nafasi. Wanandoa wanaokimbizana na treni huzungumza habari ya treni.

Naielewa hoja ya mtu aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi, aliyelipa euro 90 za viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, na nauli ya ndege ndefu, akaona ni hasara kurudi bila kuona mingi. Huyo ana haki ya kupanga miji miwili au mitatu, ilimradi awe na wiki nzima. Lakini naye ilimpasa aonywe, jambo ambalo makala haikulifanya, kwamba viza hiyo haimwingizi London, na kwamba mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka nje ya eneo la Schengen, hata kwa siku moja, hawezi kurudi ndani kwa viza hiyohiyo. Nasi wenye vibali vya ukaazi tunapaswa kubeba pasipoti pamoja na kadi, kwani ukaguzi mipakani umerudi sehemu nyingi, ukiwamo mpaka wa Ujerumani na majirani zake.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba ukurasa wa utalii upunguze orodha na uongeze taarifa: umbali kutoka uwanja wa ndege, kodi na tozo za mji, mwezi ambao ratiba imepangiwa, na siku ambazo milango hufungwa. Hilo la mwisho linawapata wengi wanaoongeza Jumatatu kwenye wikendi yao. Louvre hufungwa Jumanne, lakini Tervuren, monasteri ya Jerónimos ya Lisbon na ukumbi wa mjusi wetu pale Berlin, vyote hufungwa Jumatatu.

Wako,
Msomaji wenu,
Köln, Ujerumani