Msitukatie upande wa pili wa santuri

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe watangazaji wa vipindi vya zilipendwa jambo linalotukera sisi tuliobaki na vinanda vya santuri. Majuma haya ya mvua nimekuwa nikisikiliza santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikiwa zile zilizotolewa Nairobi miaka ya 1970: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz yake, Simba Wanyika, na Les Wanyika.

Santuri ya aina hiyo hubeba dakika nne au tano kila upande, ilhali wimbo wa dansi ulitaka karibu maradufu, hivyo kampuni za santuri ziliukata vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A na ya pili upande wa B. Beti na kisa chote humalizikia upande wa kwanza. Ukigeuza sahani ndipo unapokutana na chemko: waimbaji wamebaki na kiitikio tu, gita la solo linajibizana na gita la ridhimu, na besi, ambayo mwanzoni ilijificha, sasa ndiyo inayoongoza miguu ya wachezaji. Redioni hupigwa upande wa A peke yake, na sauti hupunguzwa pale pale wapigaji wanapoanza kupata moto. Kijana anayeupokea wimbo huo kwenye simu huamini umekwishia hapo.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, alibanwa na dakika kama tatu za upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78, na beti zilizoachwa nje ya sahani hatuna pa kuzitafuta. Santuri hizi za Nairobi hazina msiba huo, kwani sehemu ya pili ipo, inangoja mkono wa kuigeuza. Ombi langu ni kwamba anayezihamishia kwenye kompyuta aziunganishe pande zote mbili, na mtangazaji asome jina la mtunzi lililoandikwa kwenye lebo.

Santuri yangu moja ya Les Wanyika, kwa bahati mbaya, ina mkwaruzo upande wa B na sindano huruka katikati ya solo. Msomaji mwenye nakala nzima nitambadilishia kwa mbili za Cuban Marimba, bendi ya marehemu Salum Abdallah, zisizo na doa.

Mpenzi wa santuri,
Tanga