Kwa mawakili wachanga mnaochukua fomu: mfahamuni kwanza Ante Pavelić

Wanangu,

Nimesikia kwamba baadhi yenu mmeamua kuweka joho pembeni na kuchukua fomu za kugombea. Siwakatazi. Mtu aliyezoea kusoma kifungu neno kwa neno anafaa sana bungeni, na wa namna hiyo ni wachache. Ila kabla hamjaondoka nawaomba mnisikilize habari za wakili mmoja wa Kroatia. Wanaolijua jina lake wengi wanamjua kama muuaji. Mimi nataka mumtazame kwanza kama mwenzetu wa kazi, kwa sababu alikuwa mwenzetu kweli.

Ante Pavelić alizaliwa mwaka 1889 huko Bradina, kijiji cha milimani Bosnia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, familia ikahamahama kufuata kazi, na utotoni mtoto huyo wa Kikatoliki alisoma kwa muda katika maktab, chuo cha watoto wa Kiislamu. Sheria aliisomea Zagreb, akapata udaktari mwaka 1915, akaingia kujifunza kazi katika ofisi ya wakili Aleksandar Horvat, kiongozi wa Chama cha Haki. Chama hicho kilidai haki ya kale ya dola ya Kroatia mbele ya watawala wa Vienna na Budapest. Tawi lake alilolifuata Pavelić lilikuwa limejengwa na wakili mwingine, Josip Frank, aliyezaliwa mwaka 1844 katika familia ya Kiyahudi ya Osijek. Lishikeni jina la Frank, nitarudi kwake.

Mwaka 1918 dola ya Austria na Hungaria ikavunjika, Kroatia ikaingizwa katika ufalme mpya uliotawaliwa kutoka Belgrade, ambao baadaye uliitwa Yugoslavia. Wakroatia wengi waliona wamebadilishiwa bwana tu. Pavelić alikuwa mmoja wa waliosema hivyo kwa sauti, na mwaka 1927 akachaguliwa kuwa mbunge.

Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, alisafiri hadi Skopje kuwatetea wanafunzi wa Kimakedonia walioshtakiwa kwa kuwa wanachama wa kundi la siri la kimapinduzi. Kwa umbali ni upande wa pili wa nchi, na washtakiwa hawakuwa watu wake wala wapiga kura wake. Alisimama akaushambulia ushahidi, akasema kesi imepangwa. Kwa siku zile alikuwa anafanya kazi ambayo ninyi mliiapia: kusimama kati ya dola na mtu asiye na nguvu, na kuuliza, ushahidi uko wapi?

Nami niwasimulie kidogo yangu. Mwaka wangu wa pili wa uwakili nilimtetea mzee mmoja muuza nyanya katika mahakama ya wilaya. Alikuwa hajui kusoma. Aliishika hati ya mashtaka juu chini, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya moto. Nikaichukua, nikaisoma, nikaona haina tarehe wala haitaji alitenda nini hasa. Imeandikwa tu kwamba alivuruga amani. Nikasimama, nikasema hivyo, hakimu akaifuta. Haikuchukua hata dakika kumi. Mzee akanishika mkono wa joho asiuachie mpaka tulipofika kwenye mwembe wa nje. Tangu siku ile najua kwamba uhuru wa mtu unaweza kukaa ndani ya tarehe moja iliyokosekana. Pavelić naye alijua, mtu haendi Skopje kutetea kesi kama ile bila kujua.

Sasa tazameni yaliyofuata. Tarehe 20 Juni 1928, katikati ya kikao cha bunge Belgrade, mbunge Puniša Račić alichomoa bastola akawapiga risasi wabunge wa Kroatia. Wawili wakafa palepale. Stjepan Radić, kiongozi wa chama cha wakulima, mtu aliyependwa kuliko wote, akafariki Agosti 8. Januari 1929 Alexander, mfalme wa Belgrade, akaifuta katiba na kuvipiga marufuku vyama. Pavelić akakimbilia nje, akahukumiwa kifo bila kuwapo, akalijenga kundi la Ustaša, lililotaka Kroatia huru kwa silaha, chini ya ulinzi wa Italia.

Hapa nataka mtulie, kwa sababu hapa ndipo kijana anapopotea. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Damu ilimwagika bungeni, katiba ikafutwa, watu wakafungwa. Nimewasikia mkisema kwamba mtu mwenye madai ya haki hawezi kukosea sana. Wanangu, anaweza kukosea mpaka mwisho wa uwezo wa binadamu, na dai lake likabaki la haki muda wote huo. Dai la haki halimlindi anayelibeba.

Oktoba 1934 Mfalme Alexander aliuawa Marseille pamoja na waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Louis Barthou, kwa njama ya Ustaša na wenzao wa Makedonia. Ufaransa ikamtaka Pavelić. Mahakama ya Turin ikakataa kumtoa, kwa hoja kwamba kosa ni la kisiasa. Basi akaokolewa na mahakama, kwa hoja ya kisheria, katika nchi ya kigeni.

Aprili 1941 Ujerumani ikaivamia Yugoslavia. Tarehe 10 dola mpya ya Kroatia ikatangazwa kwa redio na Slavko Kvaternik, mtu wa Ustaša. Pavelić akaingia Zagreb tarehe 15, akawa mkuu wa dola hiyo. Tarehe 17, siku ya pili tu baada ya kufika, alitoa amri ya kulinda taifa na dola. Iliagiza hivi: yeyote anayeikosea, au aliyewahi kuikosea, kwa namna yoyote ile, heshima na maslahi ya taifa la Kroatia, au kuhatarisha dola, hata kama ni jaribio tu, ni mhaini, na adhabu yake ni kifo. Ikaunda mahakama maalumu za majaji watatu. Rufaa hakuna.

Isomeni kama mawakili. "Kwa namna yoyote ile": hakuna kosa lililotajwa. "Aliyewahi": sheria inarudi nyuma kukamata tendo la jana. Aliyeiandika alikuwa anajua kila tundu ambalo wakili humpitishia mteja wake akapona, akayaziba moja baada ya jingine. Askari asiyesoma asingeweza kuiandika amri ile. Ilihitaji mtu wa ofisi.

Na hakuwa peke yake. Waziri wa mambo ya ndani, Andrija Artuković, alikuwa mwanasheria. Waziri wa sheria, Mirko Puk, alikuwa wakili katika mji wa Glina. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, katika mji huo, mamia ya wanaume wa Kiserbia walikusanywa wakauawa. Ilipofika Aprili 30 sheria za ubaguzi wa damu zilikwishatolewa, na ndani yake kifungu kilichompa mkuu wa dola uwezo wa kumhesabu mtu aliyemtaka kuwa si Myahudi. Mnamkumbuka Frank? Alikuwa amekwisha kufa mwaka 1911. Binti yake ndiye aliyekuwa mke wa Kvaternik, yule wa redio, na mjukuu wake akafanywa mkuu wa polisi. Damu ya mwanzilishi ikawa hatia kwa sheria ya wafuasi wake, isipokuwa kwa waliopewa ruhusa.

Kambi ya Jasenovac, kando ya mto Sava, ilifunguliwa mwaka 1941. Orodha ya majina ya waliouawa humo, iliyokusanywa na makumbusho ya pale, ina watu 83,145: Waserbia, Waroma, Wayahudi, na Wakroatia waliopinga. Watoto wa chini ya miaka 14 ni 20,101. Niliiandika namba hiyo kwenye karatasi nikashindwa kuendelea na kazi siku ile.

Katika kambi hiyo alifungwa wakili mwingine wa Kroatia, Vladko Maček, mrithi wa Radić. Wajerumani walikuwa wamempa yeye kwanza nafasi ya kuongoza dola ile, akakataa. Simfanyi malaika: aliwaambia watu watii utawala mpya. Lakini kiti alikikataa. Baadaye alisimulia kwamba ofisa aliyemlinda chumbani alikuwa akipiga ishara ya msalaba kila usiku kabla ya kulala. Maček akamuuliza kama hamwogopi Mungu. Akajibiwa kwamba anajua atachomeka motoni kwa aliyoyafanya, ila angalau atachomeka kwa ajili ya Kroatia.

Pavelić alikimbia Mei 1945, akapita Austria na Roma hadi Argentina. Alipigwa risasi Buenos Aires mwaka 1957, akafa Madrid Desemba 1959. Kwa Jasenovac hakuwahi kusimama kizimbani.

Kile kifungu cha kwanza cha amri ya Aprili 17 nimekiandika kwa Kiswahili, kwa mkono wangu, nakala moja kwa kila mmoja wenu. Jumamosi njooni nyumbani baada ya alasiri. Kila mmoja atakaa na karatasi yake na kuandika utetezi wa mshtakiwa mmoja chini ya kifungu hicho, yule muuza nyanya wangu au mtu yeyote mnayemjua. Mimi nimejaribu mara nne, na kila mara naishia kwenye jina la mshtakiwa.

Mzee wenu, wakili mstaafu