Chandarua cha bei rahisi ndicho kinachotugharimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie fedha tunazotumia kununua dawa za kuua mbu. Nimekuwa afisa afya Kanda ya Ziwa mpaka nilipostaafu. Katika vikao vya bajeti nilivyohudhuria, swali lililotangulia, na mara nyingi likawa ndilo la mwisho, lilikuwa la bei: bei ya chandarua kimoja, bei ya lita ya dawa, posho ya mpuliziaji. Sikumbuki kikao ambacho mjumbe aliuliza fedha hizo zitazuia wagonjwa wangapi.

Swali hilo lina majibu, na yamepatikana hapa hapa nyumbani. Mwaka 2019 wilayani Misungwi, watafiti wetu wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waligawa aina 4 za vyandarua katika vijiji vya wilaya hiyo, kila kundi la kaya likapata aina yake, kisha wakawafuatilia watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet. Baada ya miaka 2, kwenye maeneo yaliyopewa chandarua cha kawaida, chenye dawa ya pirethroidi peke yake, karibu watoto 46 kati ya kila 100 waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye maeneo yaliyopewa chandarua chenye pirethroidi pamoja na dawa ya pili iitwayo klofenapiri, walikuwa karibu 26. Ni wilaya ile ile, mvua zile zile na mabwawa yale yale. Kilichotofautiana ni dawa iliyokuwa kwenye nyuzi.

Sasa tuje kwenye bei. Chandarua cha kawaida wakati ule kilinunuliwa kwa takribani dola 2 za Marekani, na kile cha klofenapiri kwa takribani dola 3. Mhasibu akisimama hapo atachagua cha dola 2 na kusifiwa kwa kubana matumizi. Lakini mtoto akiugua kuna kipimo, kuna dawa ya mseto, na akizidiwa kuna sindano, kitanda na pengine damu ya kuongezewa. Kuna mama anayeacha palizi siku kadhaa akae wodini. Watafiti wa Misungwi walipiga hesabu hiyo pia: kwa upande wa watoa huduma wa umma, kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa kwa kutumia chandarua cha klofenapiri badala ya cha kawaida uligharimu nyongeza ya dola 19 hivi, kwa upande wa wafadhili, dola 28. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuona mahali pengine ambapo fedha ndogo namna hiyo hununua uhai mwingi namna hiyo. Mwaka uliofuata, 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza rasmi vyandarua hivyo kwa maeneo ambayo mbu wamekuwa sugu kwa pirethroidi.

Nieleze kuhusu usugu huo, maana wananchi wengi huamini kwamba dawa za vyandarua zimechakachuliwa. Kipimo chake ni rahisi kukiona kwa macho. Unachukua mbu majike zaidi ya 20, unawaweka kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa kiwango maalumu, unawaacha humo saa 1. Kisha unawahamishia kwenye mrija safi, unawapa pamba yenye maji ya sukari, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya asilimia 90, umethibitisha usugu. Nimewahi kuona mbu walioanguka chali wakitetemeka miguu ndani ya saa ile ya kwanza, nasi tukadhani kazi imekwisha. Kesho yake wamesimama kwenye ukuta wa mrija kama hakuna kilichotokea. Dawa ilikuwa halisi na kiwango chake kilikuwa sahihi. Waliobadilika ni mbu.

Na tumewabadilisha sisi wenyewe. Kwa miaka mingi vyandarua vyote tulivyogawa vilitegemea familia moja ya dawa, pirethroidi. Dawa hizo hizo, kama deltamethrini na lambda-sailothrini, zipo kwenye mabomba ya migongoni ya wakulima wetu wa pamba na mbogamboga. Maji ya shambani yanayobaki na dawa kidogo ndimo viluwiluwi wa mbu wanamokulia. Dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki wakazaana. Wizara ya afya inanunua dawa, wizara ya kilimo inaruhusu nyingine ya familia ile ile, na mbu anazizoea zote mbili kwa pamoja. Kwa maoni yangu huu ni upotevu mkubwa kuliko wizi wowote wa dawa niliopata kuusikia, na hakuna mkaguzi wa hesabu anayeuandika.

Klofenapiri humuua mbu kwa njia nyingine. Haishiki mishipa ya fahamu kama pirethroidi, huharibu namna seli zake zinavyotengeneza nguvu. Ndiyo maana mbu sugu kwa pirethroidi bado hufa kwayo. Lakini tukiieneza peke yake nchi nzima bila kubadilishana na nyingine, nayo tutaichosha. Vyandarua vyenye PBO, kemikali inayomzuia mbu asiivunje dawa mwilini mwake, vilifanya vizuri sana wilayani Muleba, mkoani Kagera: mwaka wa kwanza maambukizi kwa watoto yalipungua kwa asilimia 44 kulinganisha na vyandarua vya kawaida. Huko Misungwi, baada ya miaka 2, tofauti yao na vile vya kawaida ilikuwa imebaki ndogo. Chandarua ni kitambaa pia. Hufuliwa, huchanika, hufungwa mafundo pale panya walipotoboa, na mwaka wa tatu wengi hawakilalii tena. Tukipanga kugawa kila baada ya miaka 3 huku nguvu yake imekwisha mapema, mwaka wa mwisho tunalipia pazia.

Upuliziaji wa dawa-ukoko kwenye kuta una hadithi inayofanana. Usugu ulipoingia ilibidi kuhamia dawa za gharama kubwa zaidi, fedha hazikuongezeka kwa kiasi hicho, na nyumba zinazopuliziwa zikapungua.

Kuhusu viluwiluwi nataka niseme zaidi, kwa sababu hapa serikali imewekeza na faida haionekani inavyostahili. Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kikazinduliwa mwaka 2015, kinachotengeneza dawa ya bakteria ya kuua viluwiluwi. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zikanunue dawa hiyo. Ni dawa nzuri, haidhuru samaki wala ng'ombe wanaokunywa maji yale. Gharama yake, hata hivyo, inategemea sana mahali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kumkinga mtu mmoja kwa mwaka mjini Dar es Salaam kuligharimu senti 94 za dola, na vijijini magharibi mwa Kenya hadi dola 2.50. Mjini unaujua mfereji ulioziba, unalijua shimo la wafyatua tofali, unarudi kila wiki. Kijijini wakati wa masika kila unyayo wa ng'ombe ni zalio.

Zaidi ya dawa, kazi hii inahitaji mtu. Anatakiwa kijana wa mtaa mwenye upawa mweupe, achote maji, ainame atazame: viluwiluwi vya anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, vya mbu wengine huning'inia kichwa chini. Baada ya kunyunyizia arudi achote tena. Katika halmashauri moja ninayoifahamu dawa ilinunuliwa, ikapigwa picha ikipokelewa, kisha ikakaa stoo kwa sababu fungu la kuwalipa vijana hao halikuwekwa. Dawa ile ilikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi kama dawa nyingine yoyote.

Kinachoniumiza kuliko vyote ni magari ya kupulizia moshi wa dawa. Dengue ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, wengi walitaka kuona ukungu wa dawa ukipita barabarani. Ukungu ule humuua mbu anayeruka wakati huo tu. Aedesi, mbu anayeambukiza dengue, hupenda kujificha ndani, chini ya kitanda na nyuma ya nguo zilizotundikwa, na mayai yake yapo kwenye matairi na ndoo uani. Baada ya siku chache wanatoka wapya. Kwa malaria, Shirika la Afya Duniani halipendekezi njia hii. Tunaifanya kwa sababu inaonekana na wapiga kura, na fedha ile ile ingelipa vijana wa kukagua mapipa na matairi nyumba kwa nyumba.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kishawishi cha kurudi kwenye cha bei rahisi kimeongezeka. Kwa hiyo nawaomba madiwani, katika kikao chenu kijacho cha robo mwaka, mumuulize mganga mkuu wa wilaya mambo haya: mara ya mwisho mbu wa wilaya hii walipimwa usugu lini, na kwa dawa zipi? Vyandarua vinavyokuja ni vya aina gani? Dawa ya viluwiluwi iliyopo stoo itaisha muda wake lini, na nani analipwa kuinyunyizia? Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi.

Afisa afya mstaafu,
Mwanza