Mwanaisha, nijibu kabla ya Alhamisi

Tudor, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Nimekaa kimya tangu arusi ya Saumu, niwie radhi. Huku sote wazima, mama akusalimu, ni joto tu latusumbua.

Mtihani wa Baraza la Wauguzi nimepita! Laiseni ninayo mkononi. Mama aliishika kwa ncha za vidole kama atakayeichafua, kisha akaifungia kabatini pamoja na cheti chake cha ndoa. Na hospitali moja ya binafsi imeniita, niripoti Alhamisi, ila nijaze kwanza fomu ya afya. Ndani yake kuna swali: umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Ndiyo au hapana. Leo siku ya nne, kila nikifika hapo naweka kalamu chini.

Saumu asema niandike hapana, nani atajua. Bi Zuhura naye yuataka nitafute daktari wa kunijazia bila maswali. Wanipenda, najua. Lakini wewe ndiye uliyenipeleka hospitali ya Port Reitz, kwa wagonjwa wa akili, kwa tuktuk usiku ule, sijalala siku sita na nakwambia nitainunua feri ya Likoni.

Lithiamu, dawa yangu ya kutuliza akili, siionei haya. Mwaka wa nne huu naimeza kila usiku na damu napimwa, maana ikizidi kidogo tu mwilini yadhuru. Kwa jasho la hapa maji nayanywa mno, na brufeni siigusi maana huizidisha lithiamu mwilini, kichwa kikiuma ni panadol. Asubuhi vidole hunitetemeka kidogo, lakini mshipa siukosi. Muulize Athmani, dripu yake niliitia mara moja ikaingia.

Kinachonitisha ni zamu ya usiku. Maradhi yangu huanzia kwenye usingizi, wewe wajua. Nikiandika hapana, nitaombaje nisipangwe usiku mfululizo? Na siku nikianza kuharakisha maneno pale wadini, nani atatambua anitoe kwa wagonjwa mapema? Hilo laniumiza roho kuliko kukosa kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa hali ya afya yake, nimekisoma tena na tena. Lakini mtu aweza kukunyima kazi na asitaje sababu.

Tena kuna jambo sijakwambia. Nilipokuwa mafunzoni, sista mmoja alimcheka mgonjwa, "huyu wa kupelekwa Port Reitz", na mimi nimesimama pale na trei ya dawa. Nilinyamaza. Mpaka leo lanikaa kooni.

Basi nataka kuandika ndiyo, na nimpelekee matroni karatasi yenye dalili zangu za mwanzo, ajue la kuangalia. Shida ni kuwa mimi sizikumbuki. Wewe uliziona. Nilianza vipi? Ni kusema sana, au zile pesa nilizogawa Mwembe Tayari? Uliponiangalia siku ya kwanza ulihisi nini? Kulikuwa na neno nilikuwa nalirudia? Na waonaje, nimkabidhi mwenyewe au niiambatishe na fomu? Ungekuwa wewe matroni, ungenipa wadi?

Niandikie hata usiku wa manane. Mtoto ameota meno?

Wako,
Rukia