Kisu cha mama na madesa ya maneno magumu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilitoka humu wiki iliyopita, akitaka kila mwanafunzi wa sekondari akariri maneno 20 magumu ya Kiingereza kwa siku. Nia yake naiheshimu. Ila mimi ndiye ninayeyatoa fotokopi hayo maneno, na nayaona yanavyoingia na yanavyotoka.

Nina kibanda cha vifaa vya shule na mashine moja ya fotokopi huku Ngamiani, Tanga. Shule zikitoka mchana, watoto hujaa mlangoni mpaka baiskeli zao zinaziba njia ya wapita kwa miguu. Wanakuja na madesa (nakala za notisi) ya fizikia, ya historia, ya baiolojia, lakini siku hizi kinachotoka zaidi ni karatasi ya maneno. Aliyeiandika mara ya kwanza hajulikani. Imekuwa nakala ya nakala ya nakala, wino umefifia, "e" imegeuka "c", na watoto wanakariri hivyo hivyo na makosa yake.

Mwezi uliopita alikuja binti wa kidato cha tatu anataka nakala 40, za darasa zima. Nikachungulia. Neno la kwanza juu kabisa ni "perspicacious", na mbele yake limeandikwa "sharp", basi. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nitungie sentensi moja wakati mashine inapasha moto." Hata hakusita: "My mother has a perspicacious knife."

Nilicheka, kisha nikajuta kucheka. Kosa si lake. "Sharp" ameijua tangu shule ya msingi, ni ya kisu na wembe. Karatasi haikumwambia kwamba ukali huu ni wa akili, wa mtu anayeling'amua jambo ambalo wenzake wamelipita. Na sisi tunasema pilipili kali, jua kali, mbwa mkali, na kijana mkali wa hesabu. Mgeni akilikariri neno "kali" kwenye orodha, akapewa maana ya mbwa peke yake, atadhani jua la Tanga linabweka. Mpe na "piga" halafu msikilize tukisema tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu. Atatuona watu wa fujo sana.

Tufanye hesabu kidogo, maana ndugu yangu wa wiki iliyopita hakuifanya. Maneno 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, na kwa miaka minne ya sekondari ni 29,200. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini, alikula mshahara wa Kiingereza maisha yake yote, na sidhani kama nusu ya hayo iliwahi kumtoka mdomoni.

Watoto hawa wengi wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Wakivuka tu kidato cha kwanza, karibu kila somo ni Kiingereza, ukiacha machache kama Kiswahili chenyewe. Neno linalowatisha si "perspicacious". Ni "photosynthesis". Kijana mmoja aliniambia, "Bibi, hili refu mno, halikai kichwani." Nikafungua kifuniko cha mashine, nikabonyeza, ule mwanga ukapita chini ya kioo kutoka upande huu hadi ule. Nikamuuliza hicho ni nini. Akasema mwanga. Nikamwambia ndiyo hiyo "photo", ni ya Kigiriki, maana yake mwanga. Fotokopi ni nakala inayotolewa kwa mwanga. Picha inaitwa "photograph" kwa kuwa mwanga ndio unaoichora. Na "synthesis" ni kuviunga vitu vikawa kimoja. Basi jani linafanya nini? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Linaunga chakula kwa mwanga." Kiswahili chake ni usanisinuru, na nuru imekaa humo ndani wazi kabisa, lakini neno hilo naye aliwahi kulikariri bila kuliangalia.

Kamusi ya baba ninayo mpaka leo, imepoteza jalada. Ndani yake kuna kitu ambacho wengi wetu hatukisomi, yale maandishi madogo mwishoni mwa neno yanayotaja lilikotoka. Humo nilikuta jamaa zetu. "Admiral" limetokana na amir ya Kiarabu, na sisi tunaye Amiri Jeshi Mkuu. "Zero" chimbuko lake ni sifr, ndiyo sifuri yetu. "Monsoon" ni mawsim, ndio msimu, na hakuna mtu wa pwani asiyejua pepo za kusi na kaskazi ni nini na zilikuwa zikileta majahazi gani. "Magazine" linatoka kwenye neno la maghala, lina mzizi mmoja na hazina, na Waingereza walianza kulitumia kwa jarida mwaka 1731 pale London, kana kwamba jarida ni ghala la maandishi. Hata "arsenal" asili yake ni nyumba ya kazi za ufundi, na ndugu yake kwetu ni sanaa. Nililieleza hilo kwenye kijiwe cha kahawa jirani na duka. Wenye timu yao ya Arsenal walifurahi, wapinzani wakasema basi ndiyo maana sanaa nyingi vikombe vichache. Mimi simo.

Mtoto wa Tanga aliyepita madrasa anazo hizi mizizi tayari. Hajaambiwa tu kwamba ni mali. Aangalie tu asije akazibeba kwa pupa, kwa sababu ndugu nao huachana tabia. "Tariff" na taarifa wana babu mmoja, lakini ukimwambia Mwingereza unampelekea "tariff" ya msiba atakuuliza ni shilingi ngapi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu yuko kidato cha nne. Katika mtihani wa majaribio wa historia waliulizwa, "Account for the decline of the sisal industry in Tanzania." Huyu ni mtoto ambaye babu wa baba yake alikata mkonge. Akaandika kurasa mbili na nusu. Akaanza na Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge mwaka 1893, akaeleza unavyopandwa, unavyokatwa na kufungwa mizigo, unavyopelekwa korona, kwenye mashine ya kutoa singa (nyuzi zake), singa zinavyoanikwa juani mpaka zinang'aa kama nywele za mzee. Nilisoma nikasikia harufu ya korona. Akapata alama 2 kati ya 20.

Alikuwa hajui kwamba "account for" ni kutoa sababu. Alidhani ni kusimulia, kwa sababu "account" nyingine anayoijua ni ya benki na ile ya simu, akaona basi labda ni kutoa hesabu ya jambo zima. Nilipomuuliza kwa Kiswahili mkonge uliangukaje, alinijibu palepale akiwa anakula muhogo: kamba za nailoni na plastiki ziliingia sokoni, bei ya dunia ikashuka, mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, usimamizi ukalegea. Jibu zima alikuwa nalo kichwani. Mlango wa swali ndio uliomshinda, na ufunguo ni maneno mawili ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote ya maneno magumu niliyowahi kuitoa nakala, kwa kuwa yanaonekana mepesi. Hayamo "outline", hayamo "distinguish", hayamo "to what extent". Watoto wamejaziwa "perspicacious" na hawajui wanaulizwa nini.

Kwa hiyo sisemi orodha zote ni mbaya. Mpwa wangu anayefundisha amenionyesha moja iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand, yenye koo 570 za maneno yanayojirudia katika vitabu vya taaluma mbalimbali: "analyse", "factor", "derive", "evaluate", "significant". Ni maneno ya kufanyia kazi. Na yamepangwa kwa koo, "analyse" pamoja na "analysis" na "analytical", kama sisi tunavyotoka kwenye soma tukapata somo, msomi, kisomo na somesha bila mtu kutufundisha. Kile kisu cha mama hakimo humo.

Dukani kwangu nimeweka daftari la kurasa 96 kwenye kaunta, limefungwa kamba ya mkonge lisitembee. Mwenye kuleta karatasi ya maneno humlipisha shilingi 100 kwa ukurasa kama kawaida. Akiandika kwenye daftari sentensi moja ya neno alilochagua, inayohusu jambo aliloliona kwa macho yake, analipa 50. Mume wangu anasema nitafilisika. Mpaka sasa tumefika ukurasa wa 31. Kuna aliyeandika kwamba machungwa ni "abundant" Muheza mwezi wa saba. Kuna aliyeandika "The conductor was reluctant to carry students", na hilo halihitaji kamusi, yeyote aliyewahi kusimama kituoni na sare ya shule huku konda akipiga mluzi gari liondoke ameshaijua "reluctant" hadi kwenye visigino.

Juzi yule binti wa kisu alirudi, safari hii na karatasi ya kemia. Akalivuta daftari bila kuombwa, akaandika huku ameziba kwa mkono, akanigeuzia: "My grandmother is perspicacious. She knew I ate the change." Nikamwambia neno sasa limekaa kwa mwenyewe, ila Mwingereza chenji haili, huko wanaiweka mfukoni. Akauliza kwa nini, wakati kwao nako kuna watu wanaokula rushwa. Tukabishana hapo mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Bi Fotokopi,
Ngamiani, Tanga